Katekista Gatimu na Uoga wa Kabura

Alizaliwa mwaka 1952 karibu na Ruring'u, mjini Nyeri, mtoto wa wakulima wa kahawa, akabatizwa Yosefu. Kwa miaka mingi Yosefu Gatimu alikuwa katekista. Alikwenda hospitalini kwa miguu kuwaombea wagonjwa, mvua inyeshe jua liwake, na waumini walisema hakuna mlango wa mgonjwa uliomshinda. Mlango mmoja ulimshinda, naye hakuwahi kuficha jambo hilo: ule wa chumba cha mkewe. Mganga hajigangi.

Mwaka 2016 mkewe, Kabura, alipatikana na saratani ya matiti. Gatimu aliingiwa na hofu, na hofu ile akaivika joho la ibada. Kila jioni aliialika jumuiya nyumbani kusali. Sasa, ni mwanamke gani wa Nyeri atakayemwacha mgeni aondoke bila chai? Kabura, ambaye dawa zilikuwa zimemmaliza nguvu, aliinuka kitandani akainjika sufuria, huku mumewe akiongeza sala juu ya sala ili wageni wasiende upesi na kumwacha peke yake na Kabura.

Jioni moja Kabura alimshika mkono.

"Baba Wangui, watu wakienda, kaa na mimi kidogo. Niko na uoga. Wewe hauna?"

"Sisi tuko na imani," alijibu, akatoka kuwapokea wageni.

Kabura hakuuliza tena. Alifariki kabla ya Krismasi, Gatimu akiwa sebuleni anaongoza litania.

Majuto yalimkondesha. Aliporudi hospitalini, aliwatafuta waume waliojificha kwenye mabenchi ya nje. Mmoja wao alikuwa Masinde, polisi kutoka magharibi mwa nchi, aliyekuwa akimletea mkewe Gaudencia matunda na kumwachia nesi. Alimwomba katekista aingie kusali kwa niaba yake. Gatimu alikataa.

"Mimi nilisali nikamwacha bibi yangu," alisema. "Ingia, umwambie uko na uoga."

Masinde aliingia, na wauguzi wakawasikia wakilia, kisha wakicheka.

Waumini waliita tukio hilo muujiza, ingawa Gaudencia hakupona; alifia mikononi mwa mumewe. Gatimu mwenyewe aliitwa na Bwana mwaka 2023. Siku zake za mwisho, padre alipomfariji kwamba Kabura alikwisha kumsamehe, alijibu: "Najua alinisamehe. Lakini aliogopa peke yake." Tumsikilize basi kama Masinde alivyomsikiliza, sisi ambao bado tuna wa kukaa naye.