Bibi Aliyenigeuza Shingo

Mwaka ule boti zilishusha wakimbizi kutoka Burundi kutwa nzima, na mimi nilikuwa mwandikishaji kwenye banda la ufukweni, Kigoma. Kompyuta ilikuwa mbele yangu, ziwa mgongoni. Nilikuwa na kiburi na kazi ile, sifichi: nilikaa tangu asubuhi bila kunyanyua kichwa. Macho yaliwaka kama yametiwa pilipili, nikayafikicha, nikaendelea.

Akaja bibi aliyepotezana na mjukuu wake wakati wa kupanda boti, binti wa miaka sita. Akanitajia jina, nikatafuta. Wenye jina lile walikuwa watatu: mmoja wa miaka mitatu, wawili wa minane.

"Wa miaka sita hayupo, bibi."

"Tazama tena, mwanangu."

"Nimeshatazama! Hayupo!"

Nje mabasi mawili yalikuwa yanaunguruma, kila moja na kambi yake. Akipanda bila mtoto, kuonana tena ni majaliwa.

Hakulia. Alinikazia macho. "Mbona hupepesi? Marehemu mume wangu alivua dagaa kwa karabai. Anayeikodolea taa haoni wavu. Kabla ya kuvuta, waliipa taa mgongo, wakatazama mbali mpaka macho yatulie. Hebu geuka."

Nikageuka, shingo upande, ili anyamaze tu.

Mungu wangu! Mvua ilikuwa imekatika, na milima ya Kongo imesimama ng'ambo, mirefu, ya buluu, hata mikunjo yake naiona. Maji yalikuwa yametanda mpaka miguuni pa milima. Miezi minne nimekaa hatua kumi kutoka pale! Nilipigwa na bumbuwazi. Nikapepesa, machozi yakanitoka, nikaendelea kutazama, na bibi akanisubiri.

Nilipoirudia kompyuta, maandishi yalikuwa yametulia. Mitatu. Minane. Sita.

Sita! Nane ya pili ilikuwa sita, na kando yake: basi la pili. Nilitoka mbio nikipiga kelele, nikaligonga basi la pili ubavuni kwa kiganja. Mtoto alikuwa dirishani, kwenye mapaja ya mama asiyemjua. Bibi alimpokea, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama kwa karibu sana.

Nilirudi mezani. Siku hiyo, kabla ya bibi, nilikuwa nimeshawaambia watu wengi kwamba wanayemtafuta hayupo. Nikaitazama milima kwanza, kisha nikaanza orodha upya, kuanzia jina la kwanza.