Mayai ya Kupigwa Picha

Kwa miaka kumi na moja Mama Ndoo alifagia jimu ile ya mazoezi kabla hajamwamuru mtu yeyote kuinua mguu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake wa darasa la saa kumi na mbili asubuhi, siku ambayo mwalimu wao hakutokea, nao wamesimama kwenye mikeka kama kuku waliofungiwa banda. Yeye alikuwa anapiga deki. Akasukuma ndoo mbili za maji katikati ya chumba, akasema:

"Jamani, mtasimama hapo mpaka mchipue? Kila mtu ainue hii, aipeleke ukutani, airudishe. Atakayemwaga atapiga deki yeye."

Wakacheka, wakainua, wakatoka jasho. Juma hilo hilo wakamwambia mwenye jimu kwamba mwalimu yule abaki huko huko aliko, wao wanamtaka wa ndoo.

Shule hakwenda. Hata jina lake aliliandika kwa shida, herufi moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini macho alikuwa nayo. Katika miaka yote ile ya kufuta vioo aliona magoti yanayoingia ndani mtu akichuchumaa, aliona wanaume wanaobeba vyuma vizito kuliko nguvu zao kwa sababu kuna mwanamke anapita. Hakuna aliyemwona akiona. Nani anamtazama mfagiaji?

Na alikuwa na desturi yake. Kabla ya mazoezi alisimama mlangoni, na kila mwanamke aliyeingia alimwinamia sikioni akamwambia alichokula tangu jana jioni. Sikioni, si kwa sauti. Aliyekuja na njaa alipewa ndizi na kiti, akanyoosha mikono amekaa, na wenzake wakadhani ni goti. Aliyejishindilia usiku alicheka mwenyewe, akaongezewa safari za ndoo. Alichoambiwa hakikwenda popote.

"Sikio langu halina mlango wa nyuma," alikuwa akiwaambia.

Nyumbani hakuwa na wa kumwambia lolote. Mumewe aliondoka na begi moja akisema anakwenda kumwona mgonjwa. Huu mwaka wa saba, mgonjwa hajapona wala hajafa. Aliyebaki naye ni Binti, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu hajaota meno ya mbele. Mama Ndoo ndiye aliyempeleka jimu, akamfundisha kushika fagio, kisha kuchuchumaa bila kuinua visigino, kisha kusoma uso wa mtu anayekaribia kuanguka. Binti alikuwa mwepesi. Akaenda kusomea ualimu wa mazoezi miezi sita, akarudi na cheti chenye muhuri.

Jumatatu moja kukabandikwa karatasi ukutani. Mama Ndoo akamwomba mmoja wa wanafunzi wake, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, amsomee, maana wanawake walikuwa wameizunguka na wote wamenyamaza ghafla.

"Inasema... darasa la asubuhi litakuwa chini ya Binti," mke wa mwalimu alisema, macho chini. "Na wewe utakuwa chumba cha taulo, dada."

Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Alisomewa, kama barua ya msiba. Na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekula sahani moja na Binti, wakagombea kipande cha mwisho wakicheka.

"Ulijua jana?" alimuuliza walipokuwa wawili.

"Mama mkubwa, bosi alisema atakwambia mwenyewe."

"Sikumuuliza bosi."

Binti akazungusha pete ya funguo kidoleni. "Nilijua."

"Na chakula kikashuka."

Wiki hiyo Binti alihamia kwa rafiki yake. Mama Ndoo akaweka sufuria kubwa juu ya kabati, akaanza kupikia ile ndogo.

Binti aliliendesha darasa kwa mambo mapya. Alileta muziki. Alifungua kundi kwenye simu, kila mwanamke apige picha sahani yake, aitume, wote waione. Chakula kikionekana kizuri, Binti anaandika "Safi sana!", kesho yake anamwongezea vyuma. Na akaahidi kwamba baada ya miezi miwili, kiuno kitakachopungua kuliko vyote kitabandikwa picha kubwa nje ya mlango, ili wateja wengine wavutike. Mwenye jimu alifurahi, meno thelathini na mawili nje. Ndiyo biashara, alisema.

Mama Ndoo alikunja taulo. Lakini wanawake ni watu wa mazoea. Mmoja mmoja walipita chumba cha taulo kama wanaotafuta kitu, wakamwinamia. Aliyezidi wote kupita ni fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, mama wa watoto wawili wa kiume.

"Umeiona picha yangu ya leo?" fundi alimnong'oneza asubuhi moja. "Mayai mawili, mboga, parachichi. Binti kanisifu mpaka nikaona haya."

"Simu yangu haioni picha, mwenzangu. Wewe niambie umekula nini."

"Mayai napiga picha, halafu wanakula watoto." Fundi akaziba mdomo asicheke kwa sauti. "Mimi ni chai ya rangi tu, leo siku ya nne. Ile picha ya mlangoni lazima iwe yangu! Yule mume wangu aliyeniita gunia, apite aone."

Mama Ndoo akacheka naye. Alimwelewa mpaka kwenye mfupa. Naye angependa kubandikwa mahali fulani, yule mwangalizi wa mgonjwa apite aone.

Siku zake za mlangoni, angemkalisha na ndizi mkononi. Siku hiyo alimkabidhi taulo. Alijua vizuri kinachofuata: Binti ameona mayai, na kwa Binti mayai maana yake nguvu zipo, na nguvu zikiwepo vyuma huongezwa. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na mlango ulikuwa hatua nane kutoka aliposimama. Akaanza kupanga taulo, ndogo juu ya kubwa. Moyoni alisema: wacha aone, cheti kitamshika mkono.

Muziki ukapigwa. Akamsikia Binti akiita, "Fundi wangu, leo kilo sita kila mkono! Panda sanduku, shuka! Panda!" Akawasikia wanawake wakihesabu. Walifika kumi na nne. Kisha chuma kikagonga sakafu, na sauti nyingine baada yake, nyepesi kuliko chuma.

Alipofika, fundi alikuwa chini, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Binti alipiga magoti kando yake, uso umemkauka.

"Amekula! Nimeona picha, amekula vizuri!" alikuwa anarudia.

Mwenye jimu akaja mbio. "Imekuwaje? Huyu alikuwa mgonjwa? Kuna aliyejua?"

Fundi akageuza kichwa taratibu juu ya mkeka, akawapita wote kwa macho mpaka alipompata Mama Ndoo mlangoni. Akamtazama. Mama Ndoo akashusha macho sakafuni.

Binti akaambiwa apumzike nyumbani kwanza, na kila mtu alijua mapumziko hayo yana urefu gani. Siku ya tatu mwenye jimu akamwita Mama Ndoo ofisini, akamwita "mama yangu" mara nne, akampa ufunguo wa chumba cha asubuhi. Kile alichokililia miezi yote ile kikawa kiganjani mwake.

Alidhani furaha itakuja njiani akirudi nyumbani. Akapika kwenye ile sufuria ndogo, akala nusu, akakaa anatazama ufunguo. Alitaka kumwambia mtu. Akapitisha watu wote kichwani kama anayetafuta shanga iliyopotea, na kila aliyemfikia alikuwa ama ameondoka, ama amezikwa, ama amevunjika mkono.

Asubuhi yake, kabla ya darasa, alikwenda kwa fundi. Alipanga maneno njiani. Atasema hakusikia vizuri. Atasema alidhani ni utani.

Ua wa fundi ulikuwa mdogo, kamba ya nguo imevuka kutoka dirishani hadi kwenye nguzo. Fundi alikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa plasta hadi kiwiko, cherehani nyuma yake imefunikwa kitambaa. Na mbele ya beseni, mikono imezama kwenye povu, sketi imekunjwa magotini, alikuwa Binti.

"Shikamoo, mama mkubwa," Binti alisema bila kuinua uso.

"Marahaba." Akageukia kigoda. "Pole, mwenzangu."

"Nimeshapoa. Huyu anakuja kila siku tangu nilipotoka hospitali. Nimemfukuza mara mbili, hafukuziki. Anaogesha watoto, anafua, anapika vibaya." Fundi aliongea kama zamani, lakini macho hayakuwa na mchezo. "Wewe umekuja kufanya nini?"

Yale maneno ya njiani yakamkimbia yote.

"Nilikusikia siku ile," Mama Ndoo alisema. "Ningeweza kumwambia asikuongezee. Nilitaka aharibikiwe."

Mikono ya Binti ikasimama ndani ya povu.

"Najua," fundi akasema. "Nimekaa hapa siku tatu sina cha kushona, nimepata muda wa kujua. Nilikwambia wewe kwa sababu wewe ndiye ungenikataza. Mimi mwenyewe sikuwa na ubavu wa kujikataza." Akavuta pumzi. "Darasani kwako sirudi. Nisingependa kukudanganya."

"Sawa."

"Basi sawa."

Jua lilikuwa linapanda. Kule jimu wanawake walikuwa wanafika na mlango umefungwa, maana ufunguo alikuwa nao mfukoni. Alipaswa kuondoka. Hakuna aliyemwambia kaa, hakuna aliyemsogezea kiti.

Binti akanyanyua shuka kutoka kwenye beseni, zito, linachuruzika maji. Akajaribu kulikamua peke yake, likamteleza, ncha ikagusa udongo. Akaliokota, akalisuuza upya, akatazama mkono wa plasta, akatazama nguzo. Kumwita mtu hakumwita.

Mama Ndoo akavua viatu, akavuka maji, akashika ncha ya pili. Wakarudi nyuma mpaka shuka likanyooka kati yao. Binti akasokota huku, yeye akasokota kule, maji yakamwagika miguuni mwao wote wawili.

"Kaza," Binti alisema.

Akakaza.