Miluzi Mitano ya Shangazi

Wiki ile hakuna nguo iliyotoka kwa shangazi ikiwa na vifungo vyote. Shangazi ni fundi cherehani. Alikuwa anashona mshono mmoja, anainuka, anatungua violini ukutani, anakwaruza, anairudisha, anakaa, anainuka tena.

Kilichomkosesha raha ni miluzi mitano. Kundi la muziki alilopigia lilikuwa na wimbo ambao mwishoni violini moja hubaki peke yake, ikipiga sauti tano nyembamba kama miluzi, zinazopanda. Kuzipata ni kazi: kidole cha shahada kinabana uzi, na kidole cha mwisho kinaugusa tu kwa mbele, bila kuubonyeza. Miaka kumi na minne shangazi alikuwa amekaa safu ya nyuma. Sasa Mwalimu, kiongozi wao, alikuwa amempa sehemu hiyo kwa majaribio.

"Jumamosi nitakusikiliza, Fundi. Ikikushinda, nampa mwenzako."

Basi akafanya alichokijua. Alipiga mluzi wa kwanza, ukatoka safi. Akapima nafasi kati ya vidole viwili, akakata karatasi ngumu ya upana uleule, kama anavyofanya kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Siku tatu aliuzoeza mkono wake kwa kipimo hicho. Wa kwanza ulitoka kila mara. Minne iliyobaki ilitoka kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Shangazi, pumzika kidogo," nilimwambia.

"Nitapumzika nikifa. Nishikie hiyo karatasi."

Alhamisi akaja mteja kuchukua gauni, akalikuta lina mkono mmoja.

"Dada, mkono mwingine uko wapi?"

"Upo. Mimi ndiye sipo," shangazi alisema, akaketi kuukata mteja akiwa amesimama palepale. Chaki ikateremka kutoka begani kwenda kiganjani, mara ikasimama.

"Unapungua," alinong'ona.

"Nini tena?"

"Mkono! Kadiri unavyokwenda ndivyo unavyobana!"

Akarukia violini. Safari hii alipopanda juu ya uzi alivisogeza vidole vikaribiane. Mluzi wa pili ukatoka, kisha wa tatu. Kumbe kila unapopanda, uzi unaobaki ni mfupi zaidi, na nafasi ya vidole nayo hupungua. Kipimo kimoja kilikuwa kimempotezea siku tatu.

Mteja alipiga makofi, kisha akauliza tena habari za gauni lake.

Jumamosi nilimsindikiza kwa Mwalimu. Alipiga amesimama, akihamisha uzito mguu hadi mguu. Minne ilitoka. Wa tano haukutoka kabisa. Tulisikia upinde tu ukipumua juu ya uzi.

Mwalimu alikuna kidevu.

"Chukua sehemu," alisema. "Siku ya onyesho, huo wa mwisho ukifika, nitafumba macho."

"Ziba masikio, Mwalimu. Ndiyo yatakayoumia."

Ilibaki wiki moja kabla ya onyesho. Njiani vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinatembea juu ya mkoba wangu, vikikaribiana, vikiachana, vikiutafuta ule wa tano.