Verni Nyekundu Kwenye Mashini ya Mama

Mama ana mashini ya kusaga mihogo hapa Bulengera. Kila mwezi fundi alikuwa anatoka Beni kuikagua. Asubuhi aliiacha ingurume dakika chache, kisha aliizima mpaka saa sita. Saa hizo wateja waliteremka na mabeseni yao kwenye mashini nyingine kule chini, na wengine hawakurudi.

"Akikuja, ninapoteza batu," Mama alisema. "Asipokuja, siku moja nitapoteza mashini."

Mimi siongei sana, donc ninaangalia. Yule fundi sikumwamini. Alikuwa anaziba mlango kwa gunia: "Hapana kusimama karibu, batoto, mukanda utabakata mikono." Lakini mukanda wa mashini iliyozimwa unamkata nani?

Siku moja, kabla hajafika, nilichukua verni ya kucha ya dada yangu nikapaka buloni zinazobana kifuniko cha roulement, ile chuma ya gololi inayozungusha jiwe. Akifungua, verni itapasuka.

Saa sita akatoka. "Nimeangalia yote, mama. Iko muzuri."

Niliingia. Verni ilikuwa nzima kwenye buloni zote. Nilimvuta Mama kitenge, nikamwonyesha kwa kidole. Alifyonza tu. Mwezi uliofuata hakumwita fundi, wala ule mwingine. Wateja hawakuteremka tena, na mimi nilijiona mukubwa.

Halafu majirani wetu wakafiwa. Jumamosi wanawake walileta mihogo ya wageni wa matanga. Mashini ikalia kama nguruwe, ikakwama, grisi ikanuka kuungua.

"Eh, mashini pia inalilia marehemu?" mama mmoja akasema. Wengine wakacheka, wakajitwika mabeseni, wakateremka. Mama hakuniangalia. Heri angenigombeza.

Fundi alifika Jumatatu kwa pikipiki. Roulement ilikuwa imesagika.

"Wewe hukufungua," Mama akamwambia. "Mutoto alipaka verni."

Nilitamani kuingia ndani ya gunia. Fundi akanigeukia. "Ah bon? Ni wewe polisi?"

Alifunga roulement mpya, akawasha. Akaweka ncha ya turnevisi yake ya kukazia skrubu kwenye kifuniko, mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio langu. "Unasikia?"

Ilikuwa kama mvua juu ya majani ya ndizi.

"Sauti ikianza kuwa changarawe, ndiyo unafungua. Ukifungua bure, unga unaingia. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Sijui sauti niliitoa wapi. "Mais... kama unasikiliza ikizunguka, kwa nini unaizima mpaka saa sita?"

Akaipangusa turnevisi, akaipangusa tena. "Nikifanya dakika kumi na kuenda, mama yako ataniita fundi?"

"Donc bateja yangu balikuwa banateremka sababu ya heshima yako!"

"Sababu ya heshima yangu, mama," akasema, macho chini.

Sasa anakuja mara mbili kwa mwezi, anasikiliza, anaenda, mashini haizimwi. Kufungua ni siku ya changarawe tu. Asubuhi zingine ninasikiliza mimi kabla ya masomo. Wale wa matanga bado wanasaga kule chini. Wawili tu wamerudi.

Verni imebaki kidogo. Buloni moja ninaipaka bado. Juzi fundi aliiona, akacheka kwa pua. Acheke. Siku akisema amefungua, nitaenda kuangalia.