Matairi ya Kandambili

Fundi pancha jirani na kibanda changu cha vitenge hapa Msasani akianza kuchoma kiraka, ile harufu ya mpira ulioungua hunishuka mpaka kooni, na hasira zangu za utotoni zinaamka kabla sijanywa chai. Msinicheke. Wenzangu harufu huwarudisha kwenye maandazi ya bibi. Mimi hunirudisha Lupepo, kijijini kwetu Tukuyu, jikoni kwa mama, nimechuchumaa na kisu cha moto mkononi, mbele yangu kandambili za watu ambazo wenyewe walikuwa bado wanazitafuta.

Tuliishi kwa babu, mzaa baba. Baba mwenyewe alikuwa machimboni Chunya na alikuja pale alipotukumbuka. Babu alikuwa karibu wa mwisho kijijini kuishika ile mila yetu ya Kinyakyusa kwamba mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Wazee wenzake walishailegeza zamani, yeye aliikaza. Mama akisikia kikohozi chake njiani, alijitosa migombani mpaka apite. Kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile yalipitia kwangu. "Mwambie babu yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie mama yako kande za jana zilikuwa mbichi." Nilijiona mtu mkubwa sana, na kwa hiari yangu niliyapunguza ukali maneno ya mzee kabla hayajafika jikoni.

Baba yangu mdogo alikuwa na gereji Dar es Salaam. Masika moja alikuja na gari la rimoti, zawadi yangu na binamu yangu Lusajo, mtoto wa shangazi. Lilikuwa gari la kupanda milima, matairi yake makubwa kuliko bodi. Kumbe matairi yenyewe plastiki tupu, laini kama bakuli. Tulipolijaribu kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, kile kinachotoka mtoni kuja migombani, liliserereka kwenye tope likarudi kinyumenyume hadi majini. Baba mdogo alicheka, kisha akasema neno lililoninyima usingizi. Akirudi Krismasi, yeyote atakayelitengenezea matairi ya kupanda kilima kile, atamchukua akaishi naye Dar, asome na ajifunze gereji.

Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Tairi la kwanza nilizungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Likateleza. La pili nikabandika juu yake vipande vya kandambili kwa gundi ya pancha, nimevipanga wima kama meno. Tope likajaa katikati yake, gari likakwama. Nikaenda barabarani kungoja trekta la kubeba majani ya chai, nikalitazama tairi lake lilivyoinamisha meno yake huku na huku ili tope lipate pa kutokea. Nikarudi mbio kuyapanga yangu vivyo hivyo. Mama ndiye aliyenishikia mpira ukiwa umevutwa, akajiunguza kidole na kunilaumu siku nzima. Kazi ya Lusajo ilikuwa kuendesha, na kuzipasha betri kando ya mafiga, maana jua la Tukuyu si la kulitegemea.

Krismasi ilipofika mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Babu aliletewa kigoda chake uani, baba mdogo akasimama kando. Lusajo akashika rimoti, mimi nikaliweka gari chini kabisa, mtoni. Lilipanda. Liliguna, likarusha tope, likapanda mpaka migombani bila kurudi hata kidogo. Baba mdogo aliliokota, akayageuza matairi, akayabonyeza kwa kidole gumba.

"Nani katengeneza haya?"

"Mimi, mjomba," akasema Lusajo.

Nilimtazama nikidhani anatania. Nikasema ni mwongo, ni mimi, muulizeni mama. Babu akatikisa kichwa. "Mwana gwangu, tairi ni kazi ya wanaume." Lakini baba mdogo alikuwa mtu wa haki. Akapaza sauti kuelekea jikoni: "Shemeji, nani katengeneza matairi haya?"

Mama alikuwa mlangoni, babu amempa mgongo. Neno moja tu, Tusekile, jina langu, lingetosha. Alijifunika uso kwa kanga, akachukua ndoo niliyomjazia asubuhi, akaimwaga, akashuka nayo mtoni.

"Mkamwana wangu ana adabu," alisema babu, ameridhika.

Asubuhi yake Lusajo aliondoka na baba mdogo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa miaka mingi nilidhani methali hiyo ni ya Lusajo. Nililia, mama akanipapasa kichwa. "Mila ni mila, mwanangu. Ningesemaje mbele ya mzee?" Nilimwamini. Hasira yote nikamgeuzia babu, na kuanzia siku ile nilifikisha maneno yake jikoni na ukali wake wote, hata kuuongeza.

Babu alishafariki. Mwaka jana, nilipokwenda kijijini kumwona mama, Lusajo, ambaye sasa ana gereji yake, alipita kutusalimia, akala, akaondoka na mkungu wa ndizi. Mimi na mama tukabaki tunamenya nyingine. Akasema bila kuulizwa, macho yakiwa kwenye kisu:

"Usiku ule wa Krismasi baba yako mdogo alikula jikoni kwangu. Mzee alikuwa amelala. Tuliongea mpaka akashiba."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia, ungeenda. Baba yako hakuwepo. Na wewe ungeondoka, nani angenisemea kwa mzee?"

Niliendelea kumenya. Moyo uliniuma upya, tena vibaya zaidi, kwa sababu mtu niliyemchukia miaka yote hakuwa amenifanyia lile. Ninao mabinti sasa, najua upweke wa nyumba ya ukweni, na namwelewa. Kumsamehe bado sijamsamehe, naye hajaniomba. Siku ile nilidhani mama alikosa sauti. Kumbe sauti yake ilikuwa mimi, na hakuwa tayari kuipeleka Dar.