Wimbo wa Mfungwa Katika Pareto ya Kabazi

Pareto iliyoanikwa juani ina harufu kali inayokwaruza pua, na kwetu Kabazi msimu wa kuchuma ulitupigisha chafya tangu asubuhi. Kina mama walichuma kwa ngwatio, leo shamba la huyu, kesho la yule, na mikono haikwenda bila wimbo. Mama yangu, daktari wa mifugo wa serikali aliyesomea Ukraine enzi za Usovieti, aliwafundisha wimbo mmoja wa huko. Maneno yake yalitungwa na mshairi aliyefungwa kwa kuandika kwa lugha ya mama yake, akafia kifungoni. Karatasi zake zilichomwa, basi mkewe akawa anawakaririsha watu mashairi kwa siri, mama akiwa mmoja wao. Wenzake wa Kabazi hawakujua hayo. Waliupenda tu, maana ulikwenda sawa na vidole.

Siku hizo waliosomea upande ule walitazamwa kwa jicho la pembeni, na baba alituonya kila mara kwamba mdomo huponza kichwa. Sasa D.O., yule mkuu wa tarafa, akaja kwa baraza. Mama alikuwa amekwenda kutibu ng'ombe, na wenzake wakaamua kumwimbia mgeni wimbo wao mzuri kuliko zote. Mama alifika wakiwa ubeti wa pili. Nilimwona akisimama ghafla, buti zimejaa matope.

D.O. akauliza hiyo ni lugha gani, na inasema nini. Mama Njoki, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ameshauona uso wa mama.

"Ni wimbo wa kanisa, mzee," akasema haraka.

Baba akashusha pumzi. Nikajua tumepona.

"Hapana, mzee," mama akasema. "Ni maneno ya mfungwa. Anasema mnaweza kumfunga yeye, lakini lugha ya mama yake haitiwi pingu."

Watu wakatazama chini. D.O. akamwambia aketi, baraza likaendelea. Msimu ule wote kila gari lililopanda mlima lilimsimamisha baba dirishani, na begi la mama lilikaa mlangoni, sweta ndani. Hawakumkamata. Walimhamishia kaskazini, tukawa tunamwona likizo tu. Nilimkasirikia, nisidanganye. Mtu amekutupia kamba, nawe unaikataa kwa ajili ya Mzungu aliyekwisha kufa?

Leo wanangu hapa Nakuru humsema kiongozi yeyote kwenye simu huku wakinywa chai. Mashairi ya yule mfungwa huuzwa waziwazi kwao Ukraine, ingawa vita vimerudi huko na mama huzima redio. Juzi nikamuuliza, hukuogopa?

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini yule mshairi alifungwa kwa sababu ya maneno yale. Ningeyakana, ningemfunga mara ya pili."

Ile miaka ya kumkosa bado inaniuma, na sidhani itaacha. Ila jioni hiyo niliwaita wanangu jikoni kuwafundisha wimbo ule, na kabla ya kuanza nikawatajia jina la mshairi mwenyewe.