Sheri na Rangi Zake

Tik-tik-tik-tik. Kucha ndogo juu ya sakafu ya simenti, mbio, halafu kimya kidogo, halafu mbio tena. Juzi nilikuwa dukani pale Kasese mjini, mama mmoja akaingia na kambwa kadogo, akakaweka chini. Hiyo sauti ikanirudisha Bwera kwa bibi kabla hata sijageuza kichwa.

Unajua mbwa wetu wa kule walivyo: warefu, rangi ya udongo, wanalala nje. Sasa jirani yetu, mama Mkongo aliyeuza vitenge siku za soko, akatuletea ajabu. Kambwa kadogo kama paka, nywele ndefu, keusi kama sufuria ya kuni, na vidoa vya kahawia juu ya macho. Alikaita Sheri. Haukupita muda jirani akaitwa kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, mama yake alikuwa mgonjwa.

"Mama, unichungie huyu kama mutoto wangu," akamwambia bibi. Bibi akampokea kwa mikono miwili, kama mtoto kweli.

Kumlisha na kumwosha ikawa kazi yangu. Alikula bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na vichwa vya samaki wa Kasenyi, na alipenda kukimbia juu ya kahawa tuliyoanika kwenye mkeka, mpaka bibi anapiga kelele. Nilimwosha kwa maji ya jivu yaliyochujwa, yale yale bibi aliyofulia nguo nyeupe za kanisa.

Jirani akakawia. Mwezi ukaingia mwezi, na siku moja upepo ulipopiga shingo ya Sheri, nikaona chini ya weusi kitu kama moshi. Baadaye kichwa kikawa rangi ya asali, mgongo ukaanza kung'aa kama bati jipya. Vijana wa bodaboda pale kona wakapata la kusema: "Bibi, kambwa kako kanakuwa muzungu!" Na dereva wa lori, Mwislamu wa nyumba ya pili, ambaye hakumgusa Sheri hata siku moja lakini hakupita bila kumsalimia, akawa anauliza kutoka mlangoni: "Wee Sheri, mawazo gani hayo mpaka mvi?"

Tulicheka wote isipokuwa bibi. "Jivu limemchujua," alisema. "Mwenyewe akirudi atasema tumeuza wake, tukamwekea mwingine. Nitamtazama kwa macho gani?"

Mimi nilitaka kujua. Nikamwomba bibi aniache nioshe ubavu wa kushoto kwa jivu, wa kulia kwa maji matupu. Akaguna, akakubali. Kila asubuhi kabla ya shule nilitenganisha nywele za Sheri kwa kidole, nikaangalia. Kushoto na kulia, sawasawa! Weusi ulibaki kwenye ncha tu, na ile rangi mpya ilitoka kwenye ngozi. Nywele hazikuwa zinachujuka, rafiki yangu. Zilikuwa zinaota.

"Utamwambia hivyo mwenyewe," bibi akasema, na bado hakucheka.

Jirani akaja siku ya soko, mzigo kichwani. Sheri akamnusa miguu, kisha akaja kujificha nyuma ya gauni langu. Bibi akashika mwimo wa mlango.

"Hii haiko Sheri," jirani akasema. "Sheri yangu iko nyeusi. Mama, imbwa yangu iko wapi?"

Bibi akanigeukia mimi. Nikachuchumaa, nikafungua nywele za mgongo wa Sheri. "Mama, angalia. Huku mwisho nyeusi, huku chini ndiyo mpya." Nikamwonyesha na mkia, ambako weusi ulikuwa bado umejaa. Akatua mzigo, akainama, akapitisha kidole. Ghafla akapiga makofi.

"Yesu! Mama ya Sheri kule Beni ilikuwa rangi hii hii! Na miye nikacheka mwenye kuniuzia, nikamwambia, imbwa yako imezeeka!"

Alicheka mpaka kitenge kikalegea kiunoni. Bibi akakaa chini pale pale, anacheka na anajifuta macho.

Lakini ona sasa: nilikuwa nimethibitisha kwamba Sheri ni wake, basi alikuwa wake. Naye alikuwa anahamia kwao Butembo; jioni ile wakapanda bodaboda ya kwenda mpakani, Sheri amefungwa kifuani kwa kitenge, masikio tu yanaonekana.

Bibi hayupo tena. Uwanja wa kahawa umejengwa maduka. Vimbwa vidogo viko vingi siku hizi, na hakuna anayesimama njiani kushangaa. Ndicho ninachokitamani zaidi, kule kushangaa pamoja, kona nzima, kwa sababu ya mbwa mmoja.

Lakini asubuhi ile baada ya Sheri kuondoka, bibi akiwa shambani, niliingia chumbani kwake nikachukua kioo kidogo, nikasimama dirishani penye mwanga. Nikatenganisha nywele zangu juu ya sikio, nikaangalia chini kabisa, pale zinapotokea, kama na mimi kuna rangi mpya inayokuja.